UZI: Adili kuwachapa nduguze kila usiku, ni haki ile au ni kisasi tu?

#1 Binti_Gungu
Wakuu, salaam. Juzi umeme ulikatika huku Gungu tangu magharibi. Mpwa wangu wa darasa la sita yupo kwangu likizo, simu zote hazina chaji, nikafungua sanduku nikatoa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Nakala ya marehemu baba. Jalada lilishatoka zamani, kurasa za mwanzo mzee alizishona kwa uzi wa magunia, na ukiifungua bado inanuka mawese.

Nikawa namsomea kwa taa ya sola. Tumefika pale Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, anapomwona liwali wa Janibu usiku anawachapa manyani wawili, halafu huyohuyo anakaa kuwalisha. Mtoto kaniuliza: "Mama mdogo, si huyu ndiye mzuri? Mbona ndiye mwenye mjeledi?"

Nikamwambia subiri, mbele wanaeleza. Tumefika mbele, wameeleza kuwa wale ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa na jini, na mimi ndiyo kwanza nimebaki na swali. Shuleni tuliandika "wema hushinda uovu", tukapata vema, tukaenda zetu. Sasa nimevuka arobaini naona jibu lile lilikuwa la kupatia alama. Mliokisoma, kitabu kile hasa kinazungumzia nini?

#2 Ngoja_Waje
Nimekaa pembeni na karanga zangu. Wajuzi waje.

#3 Mwl_Mstaafu_Isevya
Mwangaluka wana ukumbi. Nimefundisha kitabu hiki Tabora miaka mingi, naomba nianze.

Binti, dhamira mama pale ni husuda ndani ya damu. Tazama majina. Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Mwandishi amekupa jibu kabla hujafungua ukurasa. Ndugu wale wanapoteza mali yao, mdogo wao anawapokea, anagawana nao chake, na bado wanamtosa baharini. Hawamchukii kwa ubaya aliowatendea. Wanamchukia kwa sababu amewasaidia, na kila wakimwona wanakumbuka walivyoanguka. Hilo ndilo la kumweleza mtoto.

Kuhusu kipigo, si hiari yake. Jini Huria amemwamuru, na usiku akiacha, adhabu inamgeukia yeye. Kwa hiyo swali la haki au kisasi halimhusu Adili. Ni mtu aliyefungwa mikono.

#4 Kipe_Mkongwe
Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye "wanamchukia kwa sababu amewasaidia" umenigusa pabaya.

Mimi ni wa Katonga. Baba alipofariki alituachia kipe kimoja cha kuvulia dagaa, nyavu na karabai nne. Tuko watatu, mimi wa mwisho. Kaka zangu waliuza sehemu zao, mmoja akaenda kufanya biashara ya vitenge upande wa Kongo, mwingine sijui hata alifanya nini. Baada ya miaka mitatu wamerudi na mifuko ya plastiki. Niliwapokea. Nikawapa zamu za usiku, tunagawana dagaa sawasawa. Mwezi wa nne naamka alfajiri, kipe hakipo ufukweni. Kimeuzwa na injini yake, na aliyekinunua ana karatasi yenye sahihi ya kaka mkubwa.

Kipe nilikikomboa. Kaka bado yuko kwangu, anakula kwangu. Simchapi. Lakini kila jioni watu wakikaa mezani nahakikisha kuna mtu anataja habari ya kipe, na nisipopata mtu naitaja mwenyewe. Anainamisha kichwa, anaendelea kula. Mke wangu ameniambia mara mbili niache.

Kwa hiyo Binti, mwambie mpwa wako mjeledi si lazima uwe wa ngozi.

#5 Ngoja_Waje
Karanga zimenikwama kooni.

#6 Mtu_wa_Kaliua
@Kipe_Mkongwe pole kaka. Hata hivyo mke wako yuko sahihi.

Wakuu, kuna jambo mmelipita. Mwalimu amefafanua majina matatu akaishia hapo. Huria ni binti wa nani? Baba yake, mfalme wa majini, anaitwa KISASI. Mleta mada anauliza kama ni haki au ni kisasi, na mwandishi ameshakuandikia kuwa adhabu imetoka nyumbani kwa Kisasi. Mimi nikiona hivyo nafunga jalada.

#7 Binti_Gungu
@Mtu_wa_Kaliua mimi sina jalada la kufunga 😂

Ila umenipiga. Nimelisoma hilo jina juzi kwa sauti mbele ya mtoto na sikuligutukia. Sasa na "Huria" nalo tulifanyeje? Huria si ndiyo uhuru? Binti wa Kisasi anaitwa Uhuru?

#8 Mwl_Mstaafu_Isevya
Marahaba Kipe_Mkongwe, na pole.

Mtu_wa_Kaliua, hoja yako ina uzito, lakini usikimbie nayo. Anayetoa msamaha mwishoni ni Kisasi huyohuyo, baada ya kuombwa na Rai. Kama kisasi ndicho kinachosamehe, hapo utasema nini?

#9 Karani_wa_Zamani
Ameombwa kwa BARUA. Hilo ndilo linalonichekesha mimi niliyekaa ofisini miaka thelathini. Majini ya chini ya bahari, yenye uwezo wa kugeuza mtu nyani, yanasubiri barua ya mfalme! Shaaban Robert alikuwa karani. Aliingia forodha mwaka 1926 akakaa hadi 1944, halafu idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga. Mtu wa namna hiyo hata peponi angetafuta faili.

Sasa niseme kwa uzito. Kitabu kilitoka mwaka 1952. Adili ni liwali, na Ikibali ametumwa Janibu kwa habari za kodi. Wazee wetu walijua liwali ni nani, maana hata Ujiji na Tabora walikuwepo. Liwali alikuwa mtu mweusi au Mwarabu anayekusanya kodi ya bwana mwingine na kutekeleza adhabu ambayo hakuitunga. Akilegea, inamrudia. Huyo ndiye Adili, usiku kwa usiku. Babu yangu alichapwa "hamsa ishirini", viboko ishirini na tano, enzi za Mjerumani hapahapa Tabora, na aliyeshika kiboko hakuwa Mjerumani, alikuwa askari mwenzetu. Alituambia jina lake mpaka anakufa. Jina la bwana mkubwa aliyetoa amri hakulijua.

Mimi naona riwaya ile ni fumbo la kutumikia.

#10 Sina_Hakika
Mkuu #9, siasa kila mahali? Hii ni hadithi ya majini. Mwandishi hata hakuitunga yote, chanzo chake kiko kwenye Alfu Lela U Lela. Kule Adili anaitwa Abdallah bin Fadil, mfalme ni Harun al-Rashid, mji ni Basra. Kodi imo, mjumbe yumo, kipigo cha usiku kimo. Waarabu wa kale walikuwa wanamsema gavana wa Tanganyika?

#11 Karani_wa_Zamani
@Sina_Hakika kuku wa kuazima ukimpika kwa mawese, mchuzi ni wa nani?

#12 Lwama_Mtoro
Wa Kigoma huo 😂 Mwisho wa reli hatuna mpinzani kwenye mchuzi.

#13 Mama_Asali_Sikonge
Hamjambo. Mimi naomba mnijibu moja tu. @Sina_Hakika umesema chanzo ni cha Kiarabu. Kule nako ndugu ni manyani?

#14 Sina_Hakika
Hapana mama, kule ni mbwa. Wawili, wamefungwa minyororo. Na kuna kubwa zaidi: kule wakisharudishiwa ubinadamu wanajaribu tena kumuua ndugu yao, na mwisho wanauawa. Shaaban hakuwaua. Kwangu hapo ndipo penye dhamira kama mnaitafuta. Tazama alichokibadilisha, achana na alichokiazima.

#15 Mama_Asali_Sikonge
Sasa hapo tumeongea. Kwa nini mbwa wawe manyani?

#16 Ustadhi_Mwanga
Rahisi hiyo. Mwandishi ni Mwislamu wa Tanga anaandikia watu wa pwani. Mate ya mbwa ni najisi, na Adili anawalisha wale viumbe kwa mkono wake. Ukimweka mbwa pale msomaji anaanza kuhesabu mara saba za kuosha chombo badala ya kusikiliza hadithi.

#17 Sina_Hakika
Ustadhi, kwani Abdallah wa Basra alikuwa Mmisheni? Mbona waliosimulia kule hawakujali?

#18 Ustadhi_Mwanga
Hilo waulize wao. Mimi nimekujibu la Tanga.

#19 Mtu_wa_Kaliua
Sisi wakulima tunajua kwa nini nyani. Mbwa akikosa anajua amekosa, anaingiza mkia. Nyani anaingia shambani mahindi yakianza kukomaa, anavunja kumi anakula moja, na ukimpigia debe anapanda mti anakutazama kana kwamba wewe ndiye mwizi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hasidi mzima huyo! Husuda yote ndiyo ile, macho yako kwa mwenzako tu, kwako huoni.

Usiku wa kulinda mahindi nimewahi kukaa kibandani na dume moja likaja hatua kumi kutoka kwangu likaketi. Mwezi ulikuwa mpevu. Tulitazamana muda mrefu. Nilikuwa na jiwe mkononi nikashindwa kulitupa, nilihisi nitamjeruhi mtu.

#20 Mwongoza_Wageni
Kwa vile mmefika kwangu, niingie. Mimi ni wa Mwamgongo, jirani kabisa na Gombe, nimetembeza wageni msituni miaka kadhaa. Kule kuna kisa ambacho kila nikikisimulia nakumbuka Hasidi na Mwivu. Jane Goodall alianza utafiti wa sokwe Gombe mwaka 1960. Baada ya miaka zaidi ya kumi kundi lake la sokwe likagawanyika, wengine wakabaki Kasakela, wengine wakahamia Kahama upande wa kusini. Walikuwa wamekua pamoja, wamechanana manyoya. Kuanzia 1974 hadi 1978 madume ya Kasakela yaliwavizia wa Kahama mmoja mmoja mpaka madume yote ya Kahama yakaisha. Goodall mwenyewe kabla ya hapo alikuwa akiamini sokwe ni wapole kuliko sisi.

Msituni hakuna jini wala mfalme Rai. Husuda ile ilitoka wapi?

#21 Lwama_Mtoro
Kahama wameuawa wote?? Mbona shemeji yangu yuko kule na anachimba dhahabu hadi leo.

#22 Mwongoza_Wageni
@Lwama_Mtoro Kahama ni bonde ndani ya Gombe, si mji wa shemeji yako 😂

#23 Mwl_Mstaafu_Isevya
Kijana wa Mwamgongo, asante, nimejifunza. Ila sahihisho la Kiswahili: sokwe si nyani. Nyani ana mkia. Kwenye kitabu ni manyani.

#24 Mwongoza_Wageni
Najua mwalimu, na nyani pia tunao Gombe, wanaiba mpaka sabuni za wageni ziwani. Nilitaka tu kufika kwenye undugu.

#25 Binti_Gungu
Naomba turudi kidogo. Mnakumbuka mwanzoni Rai anasifiwa kwa kuwahurumia wanyama? Ndiyo maana Ikibali anashtuka na habari inafika kwa mfalme. Kama Adili angekuwa anachapa watu, labda hata mjumbe asingeandika neno kwenye taarifa yake. @Karani_wa_Zamani wewe umetaja Shaaban alikaa idara ya wanyama. Unaona uhusiano?

#26 Karani_wa_Zamani
Alikuwa huko 1944 hadi 1946, miaka michache tu kabla kitabu hakijatoka. Sitaapa kwamba ndiko alikotoa, ila mtu aliyekaa miaka miwili na mafaili ya wanyama lazima fikra zake zilipita huko. Umeniongezea hoja: liwali anafikishwa kwa mfalme kwa kosa la kutesa wanyama, anajitetea kwamba si wanyama, ni watu. Kana kwamba hiyo ni nafuu! Ukiliangalia vizuri ni tusi kwa serikali yoyote.

#27 Ustadhi_Mwanga
Mnakwepa mji wa mawe. Watu wote wa mji ule, mfalme wao, waligeuzwa mawe kwa kukataa kuongoka, akabaki msichana Mwelekevu peke yake. Weka adhabu mbili mbele yako. Wale wa mjini wamekuwa mawe, basi, hakuna kurudi. Hasidi na Mwivu wamekuwa wanyama, wana pumzi, wanalia, wanasikia uchungu. Aliye hai mlango wake wa toba haujafungwa. Mjeledi wa kila usiku ni rehema, maana jiwe halichapwi. Kwangu kitabu ni cha toba kuanzia mwanzo hadi mwisho, husuda ni mfano tu uliotumika.

#28 Kipe_Mkongwe
Ustadhi, "jiwe halichapwi" nimeiandika kwenye daftari la mauzo.

#29 Dada_wa_Kasulu
Nimesoma uzi mzima, wanaume mnabishana ndugu watatu, kodi, nyani, mbwa. Hakuna aliyesimama kwa Mwelekevu zaidi ya kumtaja. Msichana amekaa peke yake katika mji ambao kila aliyemjua ni jiwe. Wazazi wake mawe. Anatokea mgeni, anamfuata melini, na kabla hajazoea hata harufu ya watu hai, ndugu wawili wanamgombea kama mzigo na bwana wake anatoswa baharini. Yeye hakutamani mali ya mtu. Hakumwonea mtu wivu. Wala hakuna aliyemuuliza.

Na anayemwokoa Adili ni nani? Mwanamke. Huria anampa malipo ya wema wake. Anayeadhibu, mwanamke. Kisha msamaha unapitishwa kwa baba yake na mfalme, kwa barua, wanaume wawili. Kazi yote kafanya Huria, sahihi kaweka Kisasi.

#30 Mama_Asali_Sikonge
@Dada_wa_Kasulu nimesimama kukupigia vigelegele, nyuki wamenishangaa.

#31 Mwl_Mstaafu_Isevya
Dada, miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mwanafunzi swali hilo. Nakubali kosa. Ingawa naomba kuongeza kuwa Huria naye analipa deni. Adili aliwahi kumwokoa bila kumjua, alipokuwa katika umbo jingine. Hadithi za namna hii zote zinasimama hapo, wema uliotenda bila kuangalia unarudi siku unayozama.

#32 Lwama_Mtoro
Kuzama na kurudi sisi Kigoma tunajua kuliko Tanga. Meli ya Liemba je? Wajerumani wameiunda Papenburg 1913, wameifungua vipandevipande, imeletwa kwa reli ikaunganishwa hapa. 1916 vita vimewazidi wameipaka grisi injini wakaizamisha wenyewe karibu na Malagarasi. 1924 imeibuliwa, 1927 inabeba abiria kwa jina jipya. Ukiniambia Adili katoswa akarudi liwali, nakwambia hata meli yetu.

#33 Sina_Hakika
Na grisi ndiyo Huria?

#34 Lwama_Mtoro
Grisi ni wema uliotenda bila kuangalia 😂😂

#35 Kipe_Mkongwe
Mnacheka, lakini mtu wa ziwani hasomi pale pa kutoswa kama nyie. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470. Wazee wakipita rasi ya Kabogo walinyamaza, wengine walitupa kitu majini kwa ajili ya mwenye mahali. Mimi nikisoma jini linatoka chini sioni ajabu yoyote. Ajabu naiona kwa wale ndugu walioweza kuvuta tanga na kuendelea na safari huku nafasi ya mwenzao kwenye ubao ikiwa tupu. Ubao unakaa na unyevu wa mtu kwa muda. Nimeshawahi kurudi na kipe chenye nafasi tupu.

#36 Ngoja_Waje
…

#37 Mtu_wa_Kaliua
Pole tena mkuu. Hatukujua.

#38 Mwongoza_Wageni
Pole sana kaka.

#39 Sina_Hakika
Nirudi nilipoanzia, halafu niwaache. Mnalipa uzito mkubwa mjeledi. Msimulizi yeyote wa hadithi ndefu anahitaji ndoano. Alfu Lela kazi yake ni kufanya msikilizaji asilale. Liwali mwema anachapa nyani usiku: umeshanasa. Hakuna dhamira pale, ni ufundi. Mpwa wa Binti ameuliza swali lilelile ambalo mfalme aliuliza, maana yake ndoano imefanya kazi.

#40 Dada_wa_Kasulu
@Sina_Hakika ndoano ikishatoka mdomoni samaki anabaki na tundu. Tunajadili tundu.

#41 Karani_wa_Zamani
Mpeni dada mwenyekiti wa kikao.

#42 Mama_Asali_Sikonge
Jamani kitabu chenyewe nakitafuta Tabora mjini sikipati, wauza vitabu wananipa vya mitihani tu, muhtasari. Nani ana nakala?

#43 Mwl_Mstaafu_Isevya
Ya kwangu niliazimisha mwaka 2009. Aliyeazima yumo humu ukumbini na anasoma sasa hivi.

#44 Ngoja_Waje
Mwalimu shikamoo. Naileta Jumamosi.

#45 Mtu_wa_Kaliua
😂😂😂 Kumbe karanga zote zile!

#46 Kipe_Mkongwe
Nimerudi kidogo. Jana jioni tulikula migebuka. Nilikuwa na habari ya kipe mdomoni kabisa, nikaomba chumvi. Kaka amenisogezea akanitazama, nadhani alikuwa anasubiri. Sikuiona raha yoyote, nawaambia ukweli. Nilijisikia kama nimesahau kufunga mlango.

#47 Dada_wa_Kasulu
@Kipe_Mkongwe na leo?

#48 Kipe_Mkongwe
Leo bado hatujala.

#49 Binti_Gungu
Asanteni wote. Nimemsomea mpwa wangu #4, #27 na #29, nyingine nimeruka kwa sababu ya Lwama_Mtoro na shemeji yake. Ustadhi kampendeza na "jiwe halichapwi", lakini kaniuliza sasa kama ni rehema, mbona Adili naye analia akiwachapa. Nimemwambia alale, nitauliza. Umeme umekatika tena, taa ya sola imebaki alama moja. Tumeacha pale barua inapoandikwa.